Bunduki ya .22 ikikwama, anza kwa kusoma maganda

Karibu kila tunapokwenda kulenga shabaha Kirigiti, hapo Kiambu nje kidogo ya Nairobi, kuna mmoja wetu hukwama. Bunduki inanyamaza kwenye risasi ya tano au ya sita. Mwenyewe anashtuka, anavuta boliti, kile chuma kinachoteleza nyuma ya mtutu, kwa hasira mara tatu, kilichokuwa ndani kinaruka na kutua kwenye udongo mwekundu, naye anaendelea kufyatua kana kwamba hakuna kilichotokea. Risasi kumi baadaye inakwama tena. Anakuja mezani kwangu: "Mzee, hii kitu imekufa." Nikimwuliza lile ganda lililokwama liko wapi, hajui. Limekwisha kukanyagwa.

Hapo ndipo kazi inapoharibika. Ganda lililokwama limebeba habari ambazo bunduki yenyewe haiwezi kukupa ukishaifungua na kuipangusa: limeshikwa wapi, limegongwa na nini, limetoka kwa nguvu kiasi gani. Nimeona watu wakibadilisha springi, ndoano na hata mtutu kwa kubahatisha, huku jibu lilikuwa limelala chini ya viatu vyao.

Maelezo haya ni ya bunduki ya michezo ya .22 inayojipakia yenyewe, ile inayotumia risasi ndefu ya .22 ambayo ukingo wa kitako chake ndio wenye kemikali ya kuwashia. Ni kwa mwenye leseni anayetaka kuelewa bunduki yake, aijue hitilafu ya kusafisha mwenyewe na ile ya kupeleka kwa fundi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imewaachia wafanyabiashara waliosajiliwa kazi ya kutengeneza silaha kibiashara. Kwa hiyo yule "fundi" wa mtaani anayejua kuchomelea, hata awe na mikono ya dhahabu, usimpe.

Kabla hujagusa kitu

Mtutu ubaki umeelekea kwenye tuta la kuzuia risasi. Kidole kitoke kwenye kifyatuo. Kama ulivuta kifyatuo ukasikia pini ya kuwashia risasi ikigonga bila mlipuko, usifungue boliti mara hiyo, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kuwaka. Subiri sekunde 30 angalau, mtutu ukiwa palepale. Mimi huhesabu hadi 60, polepole, na sijawahi kujutia muda huo.

Kuna mlio mmoja ambao ukiusikia unaacha kila kitu. Badala ya mpasuko wa kawaida unasikia "puh", kama kizibo cha chupa kikitoka, na tundu jipya huoni kwenye shabaha. Maana yake baruti ilikuwa kidogo au haikuwepo, na kichwa cha risasi huenda kimebaki katikati ya mtutu. Bunduki inayojipakia inaweza kuwa imeshaingiza risasi nyingine, na ukifyatua hiyo mtutu utavimba au kupasuka. Toa magazini (kisanduku cha risasi), fungua boliti, hakikisha chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ni tupu kwa jicho na kwa kidole, mwite msimamizi wa uwanja, kisha pitisha fimbo ya kusafishia mtutuni. Fimbo ikigoma, siku yako imekwisha, na bunduki iende kwa fundi ikiwa na fungu hilohilo la risasi ulizokuwa ukitumia.

Jinsi inavyofanya kazi, kwa ufupi

Bunduki nyingi za aina hii hazina kufuli la kushika boliti. Kinachoizuia ni uzito wake na springi iliyo nyuma yake. Risasi ikilipuka, gesi inasukuma kichwa mbele na ganda nyuma, na ganda hilo ndilo linalosukuma boliti. Ndoano imeng'ata ukingo wa ganda upande mmoja. Boliti ikirudi nyuma, ganda linagonga kirushio upande wa pili, linapinduka na kutoka dirishani. Springi inarudisha boliti mbele, boliti inachota risasi mpya juu ya magazini na kuisukuma chembani.

Kazi yote hiyo inafanywa na risasi ambayo kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na boliti haina nguvu ya ziada ya kuchezea. Mafuta mazito, masizi, nta ya risasi, springi iliyochoka, kila kimoja kinakula kidogo kutoka kwenye fungu dogo. Ndiyo maana bunduki hiihii inaweza kufanya kazi vizuri mwezi wa Februari na kugoma asubuhi ya baridi ya Julai, mafuta yakiwa yameganda kama samli.

Vifaa vya uchunguzi ni vya bei ndogo. Mfuko wa plastiki wa kutia maganda, lenzi ya kukuzia, kijiti cha meno, pamba ya masikio, utepe mweupe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, na kalamu ya wino usiofutika. Kwa kalamu hiyo andika namba kwenye kila magazini leo hii, kabla hata ya tatizo. Magazini zisizo na namba zitakupotezea miezi.

Ganda limebonyea mdomoni

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopotea mwenyewe.

Bunduki yangu ilianza kutoa maganda yaliyobonyea mdomoni, kila moja. Mara moja kati ya risasi ishirini hivi ganda halikutoka kabisa, lilinaswa dirishani. Nikasafisha chemba. Nikanunua springi mpya. Nikabadilisha aina ya risasi mara mbili, na risasi za hapa kwetu si karanga za kununua kila kona. Miezi miwili ikapita hivyo.

Rafiki mmoja mtu mzima, aliyelenga shabaha tangu kabla sijapata leseni, akaniomba maganda kumi. Hakuomba bunduki. Akayapanga mezani yakisimama kwa vitako, kisha akaanza kuyazungusha moja moja kwa ncha ya kidole. Nikadhani anacheza. "Kijana, tazama alama ya pini," akasema. Pini ya .22 hugonga ukingoni, kwa hiyo kila ganda lina kovu dogo upande mmoja wa kitako, na kovu hilo linakuambia upande gani wa ganda ulikuwa juu lilipokuwa chembani. Aliyapanga yote makovu yakitazama ukutani. Mabonyeo yote kumi yakajikuta upande mmoja, kama askari waliopewa amri ya kugeuka kulia.

Jambo la pili alilonieleza ndilo nililokuwa silijui kabisa. Shinikizo la mlipuko hulipanua ganda hadi liguse ukuta wa chemba. Kama ganda lingekuwa na kibonyeo kabla ya kufyatuliwa, mlipuko ungekinyoosha. Kwa hiyo kibonyeo kinachoonekana kwenye ganda tupu kimetokea baada ya risasi kulia, wakati ganda linatoka. Na mimi miezi miwili yote nilikuwa nikihangaika na chemba, springi na aina ya risasi.

Basi sheria ya kusoma ni hii. Risasi nzima, isiyofyatuliwa, ikitoka na kibonyeo, angalia inakoingilia: magazini, mteremko wa kulishia, mdomo wa chemba. Ganda tupu likitoka na kibonyeo, angalia linakotokea. Yapange kwa alama ya pini. Mabonyeo yakikaa upande mmoja, kuna kitu kilichosimama pahali pamoja kinachogongwa kila mara. Yakitawanyika ovyo, inawezekana maganda yanagonga ukuta wa kibanda, mguu wa meza, au yamekanyagwa tu. Tandika turubai au blanketi kuukuu chini kabla hujahukumu.

Cha kwangu kilikuwa pete za darubini. Nilikuwa nimefunga darubini chini sana ili shavu likae vizuri, na kitako cha pete ya mbele kilijitokeza juu ya dirisha la kutolea maganda. Tulipoiangalia kwa lenzi tukaona mpako wa njano, shaba nyeupe ya maganda iliyojipaka kwenye chuma cheusi, upana wa punje ya mtama. Nilikuwa nimeipangusa bunduki hiyo mara nyingi sana bila kuiona. Nikaweka pete ndefu zaidi na kuisogeza ile ya mbele kando ya dirisha. Maganda yakaanza kutoka na midomo ya mviringo.

Kama huoni mpako wa njano, utafute kwa makusudi. Chemba ikiwa tupu na magazini ikiwa nje, bandika utepe mweupe kwenye kila kitu kilicho karibu na dirisha: kingo zake, kitako cha darubini, kitufe cha kurekebishia darubini kama kinaning'inia upande huo. Hakikisha utepe haugusi boliti inapopita. Fyatua risasi tano. Pale utepe ulipochanika au kuchafuka, ndipo ganda linapogonga.

Umbo la kibonyeo nalo linasema. Kibonyeo kidogo kama ukucha wa mtoto kwenye mdomo ni ganda lililogusa kitu likiwa tayari linaruka. Mdomo uliobanwa hadi ukawa kama herufi D ni ganda lililokamatwa kati ya boliti na mtutu, na hilo ni suala la sehemu inayofuata. Masizi marefu ubavuni, kutoka mdomoni hadi katikati ya ganda, ni dalili ya shinikizo dogo: ganda halikupanuka vya kutosha kuziba chemba, gesi ikapita nje yake. Hapo shuku risasi kwanza, halafu uchafu wa chemba.

Nami nikiri jambo moja: kibonyeo peke yake si ugonjwa. Ganda la .22 halipakiwi tena, na kama bunduki inafyatua siku nzima bila kukwama, alama ndogo mdomoni haidhuru kitu. Bunduki nyingine zimeundwa kuacha alama. G3, ambayo polisi na wanajeshi wetu wameibeba kwa miaka mingi, ina mifereji ndani ya chemba ili gesi ilitenganishe ganda na ukuta, na maganda yake hutoka na mistari myeusi kama yaliyochapwa fimbo. Hayo ni sawa kabisa. Kibonyeo kinapokuja pamoja na kukwama ndipo unapokifuatilia.

Ganda limesimama dirishani kama dohani

Ganda limetoka nusu, limesimama wima, boliti imelibana. Sababu kubwa ni kwamba boliti haikurudi nyuma hadi mwisho, kwa hiyo ganda halikugonga kirushio kwa nguvu.

Kabla ya kuwaza kingine, tazama maganda yaliyotoka salama yameanguka wapi. Yakiwa yamerundikana karibu na kiatu chako, boliti haina mwendo. Yakiwa yanaruka mbali, yote upande mmoja, halafu moja linasimama ghafla, boliti ina mwendo na tatizo liko kwenye ndoano au kirushio. Yakitawanyika, moja mbali, moja miguuni, moja nyuma ya bega, mimi hufikiria ndoano inayoshika na kuachia.

Kwa boliti isiyo na mwendo, swali la kwanza ni risasi. Zile za mwendo wa kawaida hutoka kwa kama mita 330 kwa sekunde au chini yake, na zile za mwendo mkubwa hufika mita 380 hivi. Wanaolenga shabaha za karatasi hupenda za taratibu kwa sababu zina utulivu, lakini bunduki nyingi zinazojipakia zimepimiwa za mwendo mkubwa. Jaribio lake ni rahisi: fyatua kumi za taratibu, kisha kumi za haraka, magazini ileile. Za haraka zikipita zote, bunduki haina kosa.

Swali la pili ni mafuta. Watu wa Nairobi tunapenda kumwaga mafuta. Vumbi la udongo mwekundu likichanganyika na mafuta linakuwa uji wa kusagia. Boliti na njia zake zinataka tone moja lililotandazwa kwa kidole, na kitambaa kikavu kupita baada yake. Chemba isiwe na mafuta hata kidogo unapofyatua. Kama umeipaka kuikinga na kutu wakati wa masika, ifute kabla ya kwenda uwanjani.

Springi ya boliti hucheleweshwa kulaumiwa, na ni sawa icheleweshwe. Ukiiweka nyingine nzito kuliko ya kiwandani, boliti itarudi nyuma umbali mfupi kuliko awali na utaongeza tatizo. Kuna waliokata springi ili ilegee. Boliti ikawa inagonga nyuma kwa kishindo hadi pini ya kuizuia ikaacha alama. Usikate springi.

Ganda limebaki chembani

Boliti imerudi, imechota risasi nyingine, na ganda la zamani bado liko ndani. Usisukume boliti mbele kwa nguvu hata kidogo: ncha ya risasi nzima inabanwa dhidi ya kitako cha ganda. Toa magazini, vuta boliti nyuma na uishikilie, acha ile nzima ianguke.

Ganda likitolewa (fimbo kutoka mdomo wa mtutu, pole pole, linaanguka lenyewe), liweke chini ya lenzi na utazame ukingo pale ndoano inaposhika. Ukingo ukiwa safi bila alama yoyote, ndoano haikushika. Ukiwa umeng'atwa au umechanika kipande, ndoano ilishika na kuvuta ila chemba ilikataa kuachia. Watu wawili wenye malalamiko yaleyale wanaweza kuwa na magonjwa mawili tofauti kabisa, na tofauti yake ni upana wa unywele kwenye ukingo huo.

Ndoano isiyoshika, mara nyingi ni uchafu. Nta na masizi hujikusanya chini ya ukucha wake hadi isiweze kufunga. Kijiti cha meno kinatosha. Nilipomsafishia kijana mmoja, kilitoka kipande kigumu cheusi chenye umbo kamili la ukucha wa ndoano, kama kilichomwagwa kwenye kalibu. Ukiisafisha na bado inateleza, tazama ncha yake: inatakiwa iwe kali na yenye pembe. Ikiwa mviringo, imelika, na ndoano mpya si ghali.

Chemba inayong'ang'ania, sababu ya kwanza ni pete ya nta, madini ya risasi na kaboni karibu na mwanzo wa mifereji ya mtutu. Aliyewahi kufyatua risasi fupi za .22 kwenye chemba ya ndefu huacha pete mbaya zaidi, kwa kuwa ganda fupi linaishia kabla ya hapo. Brashi ya shaba yenye kiyeyusho, dakika kumi za kuloweka, mizunguko kadhaa, kitambaa kikavu. Ingiza fimbo kutoka nyuma kama bunduki inaruhusu. Kama hairuhusu, tumia kizibo cha kuongozea mdomoni mwa mtutu, maana mdomo ukikwaruzwa na fimbo usahihi unakwenda na haurudi.

Sababu ya pili inatokana na mazoea ya kufyatua bunduki tupu nyumbani. Baadhi ya bunduki za .22 zina kizuizi kinachoisimamisha pini, nyingine hazina. Kwenye zisizo nacho, pini hugonga ukingo wa chemba chuma kwa chuma, na kila pigo husukuma ukingo huo ndani kidogo. Baada ya miezi kunakuwa na kidonda kinachozuia risasi kuingia na ganda kutoka. Zungusha pamba ya masikio kwenye mdomo wa chemba: nyuzi zikinaswa palepale pini inapogonga, umekipata. Ganda nalo litakuwa na mkwaruzo mstari mmoja ubavuni, chini ya alama ya pini. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa mwenye chombo cha kusukuma chuma kirudi mahali pake. Ukiingiza tupa hapo, umeondoa chuma kisichorudi na ganda litakosa mhimili wa kuegemea.

Risasi haiingii

Badilisha magazini kwanza. Kama namba 2 inakwama na namba 1 na 3 hazikwami, sahau bunduki. Ifungue namba 2, uisafishe, uangalie midomo yake kama imepanuka au kupinda, uone kama springi inasukuma hadi juu bila kusita. Kwa magazini za mviringo za risasi kumi, kama ya Ruger 10/22, hesabu mizunguko ya kukaza springi kabla hujailegeza, la sivyo hutajua pa kuirudisha.

Magazini zote zikikwama, tazama ncha ya risasi iliyokwama. Ikiwa imejikita chini ya mdomo wa chemba na imepakwa alama ya bapa, njia ya kuingilia ina uchafu au magazini haijakaa juu vya kutosha, pengine lachi yake imelegea. Ikiwa imeinuka juu, midomo ya magazini imeiachia mapema. Boliti ikiwa imepita juu ya risasi bila kuichota, ama springi ya magazini imechoka ama boliti ilirudi nusu, na hapo rudi kwenye habari ya dohani.

Risasi ya .22 ni laini. Kichwa chake kimeshikwa na ganda jembamba, na kikigongwa mara moja kinainama. Risasi iliyopinda usiirudishe kwenye magazini. Iweke kando, umkabidhi msimamizi wa uwanja.

Boliti imefunga, mlipuko hakuna

Umesubiri, umeitoa, sasa tazama alama ya pini. Kovu likiwa zito kama ya maganda mengine na risasi haikulia, kosa ni la risasi: kemikali haikuenea vizuri kwenye ukingo. Hutokea hata kwa risasi nzuri. Zikiwa tatu nne kwenye pakiti moja, andika namba ya fungu lake uiache.

Kovu likiwa jepesi, kuna mambo mawili. Boliti haikufunga kabisa kwa sababu ya chemba chafu, kwa hiyo nguvu ya nyundo, ile ya ndani inayogonga pini, iliishia kuisukuma boliti ifunge. Au njia ya pini imejaa uchafu. Yote mawili huanza na usafi, sio kwa kununua vipuri.

Kuna moja ambalo silichukulii kama kukwama kwa kawaida. Ganda likitoka na kitako kilichovimba, ukingo uliopasuka, au umesikia hewa ya moto usoni, risasi ililipuka boliti ikiwa haijafunga, au chemba na boliti vimeachana umbali usiofaa. Acha kufyatua hapohapo, usijaribu "moja tu ya kuthibitisha". Miwani ya kinga niliyovaa siku moja kama hiyo ina nukta mbili za shaba ambazo hazifutiki, upande wa jicho la kulia.

Na kuna lisilo tatizo kabisa. Mara nyingi mwenye 10/22 mpya hunijia akisema bunduki imekwama baada ya risasi ya kumi, akivuta kifyatuo inalia "ka" tu. Ruger wameitengeneza bunduki hiyo tangu 1964, na boliti yake haibaki wazi risasi zikiisha. Inafunga juu ya chemba tupu. Hesabu risasi zako.

Unapokwenda kwa fundi

Nguvu za usafi, risasi na magazini zikikwisha, mpelekee fundi ushahidi, usimpelekee hadithi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike. Daftari langu la siku ya uwanja lina mistari mifupi: tarehe, aina ya risasi, magazini namba ngapi, risasi ya ngapi ndiyo iliyokwama, ganda lilikaa vipi. Mistari sita ya namna hiyo imewahi kumfanya fundi aende moja kwa moja kwenye kirushio kilicholegea bila kufungua kitu kingine.

Tia kwenye mfuko wa plastiki maganda matano yaliyotoka salama na kila lililokwama, yale mabaya yakiwa na alama ya wino. Andika juu ya mfuko namba ya magazini. Piga picha ya bunduki ikiwa imekwama, mtutu kwenye tuta na kidole nje, kabla hujavuta boliti, kama msimamizi amekuruhusu. Kisha bunduki iende ikiwa tupu, boliti wazi, magazini imetolewa, ndani ya begi lililofungwa, na leseni iwe nawe njia nzima.